Mji wa Vifuu

Binti yangu aliponiita Ulaya nikamtembelee, nilikataa mara nyingi. Nilikubali siku aliponitajia jina la mji. Yeye ni muuguzi, ameolewa huko Ubelgiji, Antwerp, mji mkongwe ulio kando ya mto mpana. Asubuhi ya kwanza alinivisha koti lake, akanizungushia kitambaa cha sufu mpaka puani, akaniuliza ningependa kuanza kuona nini. Nikamwambia anifikishe mtoni tu. Nikisimama nimeupa mto mgongo, njia nitazijua mwenyewe.

Alicheka. Alidhani baridi imenipanda kichwani.

Tulisimama ukingoni. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na upepo ulikata masikio. Mkono wangu wa kushoto palikuwa na bandari ya zamani. Mbele yangu kulikuwa na mnara wa kanisa, mrefu hata shingo iliniuma kuutazama. Nikatangulia mimi, binti yangu nyuma, tukaupita mnara, tukashika barabara ya maduka, tukanyoosha mpaka stesheni ya gari la moshi. Ubavuni mwa stesheni kuna lango kubwa, na watoto walikuwa wamepanga foleni kwenda kutazama wanyama. Nikakaa kwenye benchi, nikalia.

“Mama, kuna nini?”

“Humo ndani wamo simba?”

“Wamo. Lakini simba ndio wa kukuliza wewe, mtu wa Kwale?”

Nikamwambia wale ni simba wa babu yake. Hakunielewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza pale kwenye baridi. Nakueleza wewe.

Nyumba yetu ilikuwa Msambweni, ya udongo na makuti, yenye uwanja mpana wa mchanga upande wa baharini. Nilikuwa mtoto wa kike wa pekee, na kazi yangu ya kwanza kila kukicha ilikuwa kuufagia uwanja ule kwa ufagio wa chelewa, zile njiti za makuti. Hata leo nikisikia sauti ile ya chelewa juu ya mchanga, naisikia na harufu yake: moshi wa makumbi ya nazi, mihogo inayochemka kwa tui, na korosho zinazochomwa kwa jirani mpaka macho yanawasha. Baba sikumjua. Aliondoka nikiwa mchanga, akaajiriwa melini kutia makaa, na habari zake zikakatika. Mama alisuka makuti ya kuuza, na aliyetutunza alikuwa mjomba, kaka yake mkubwa, aliyekaa Galu. Kwetu sisi Wadigo wakati ule, baba alikuwa mwenye nyumba, lakini mwenye neno juu ya dada yake na watoto wa dada yake alikuwa mjomba. Akisema, limesemwa.

Ilikuwa miaka ya kuelekea Uhuru, na watu walikuwa na shaka na kila kitu. Walisemezana barazani habari za mashamba yatakuwa ya nani na pwani itakuwa ya nani, na mtu wasiyemjua akipita, sauti zilishuka. Anayeuliza njia alishukiwa. Asiyeuliza alishukiwa zaidi.

Katika siku hizo baba akarudi.

Nilikuwa nafagia. Nikaona mtu amesimama kwenye mnazi wa mwisho, amevaa koti jeusi zito juani, jasho linamtiririka, mkononi ana sanduku la mbao. Akapiga hodi. Mama akatoka na mikono yenye chicha la nazi, akamtazama kitambo kirefu. Hakupiga kelele, hakulia. Alisema, “Karibu,” kama anavyokaribishwa mgeni wa jirani, akamletea maji kwa kata. Kisha akaniambia, “Msalimu baba yako.” Nikasema shikamoo nikiwa nimeushika ufagio mbele yangu.

Majirani hawakuchelewa. Jirani yetu muuza mihogo alilipapasa lile koti lililotundikwa ukutani, akamwambia mama bila kushusha sauti, “Mwenzangu, vifungo hivi vimeshonwa na mke. Fundi hashoni hivi.” Mama akacheka kidogo, lakini nilimwona baadaye akivitazama vile vifungo kimoja kimoja.

Baba alisema aliugua kifua, meli ikamwacha hospitali Antwerp, kwenye mji wa mto, na alipopona akapata kazi ya kuosha vyombo kwenye mkahawa wa mabaharia. Kuandika hakujua. Alituma salamu kwa watu wa meli zilizokuwa zikija huku, na salamu hazikufika. Ndiyo hadithi yake yote. Ilikuwa fupi mno kwa miaka ile yote, na mjomba hakuipenda.

Mjomba alikuja kwa baiskeli kutoka Galu, akakaa kwenye jamvi, akanywa kahawa yake.

“Shemeji, watu wanasema ulikuwa Tanga.”

“Tanga, shemeji, koti hili la nini?”

“Ndiyo maana ukalinunua.”

Watu waliokuwapo wakacheka, na hata baba alicheka. Lakini mjomba hakucheka. Alisema akithibitisha kwamba baba ana mke na watoto mahali pengine, atamchukua dada yake aende naye Galu, na mimi pia. Alilisema bila hasira, huku akifuta kikombe kwa ncha ya kikoi. Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu: aaminiwe, au atupoteze.

Baba hakuwa msemaji. Maneno yalimkauka mbele za watu. Kesho yake aliamka, akachukua jembe, akachimba mfereji kwenye uwanja wangu niliokuwa nimeshaufagia. Nikamwuliza ni nini. Akasema, “Mto.” Akakusanya vifuu vya nazi vilivyolundikwa nyuma ya jiko, akavifudikiza kimoja kimoja upande mmoja wa mto, akiacha njia katikati. Alichukua siku kadhaa. Vifuu vikawa nyumba. Jiwe refu la matumbawe likawa mnara wa kanisa. Mkebe wa biskuti ukawa stesheni, upande wa kuelekea baharini, na kando ya mkebe aliweka korosho mbili zenye maganda. Wale ndio simba. Chini ya mto alipitisha bua la mpapai lililo wazi ndani, akasema watu wa mji ule huteremka kwa ngazi zinazotembea zenyewe, wakaenda ng'ambo kwa miguu, mto ukiwa juu ya vichwa vyao. Sisi watoto tuliitana kupitia bua lile mpaka likaoza.

Kwa kuwa kufagia ilikuwa kazi yangu, niliujua mji ule mtaa kwa mtaa. Nilianza bandarini, mahali alipokaa yeye. Aliniambia pananuka lami na samaki wa chumvi, na usiku minyororo ya meli haimwachi mtu kulala. Halafu ulifuata mtaa wa mabaharia. Hapo aliniambia, “Huu pitisha ufagio upesi.” Mama alikuwa anasuka makuti kwenye kivuli, akauliza, “Kwa nini upesi?” Baba akasema una vumbi. Mama akaendelea kusuka, lakini kwa nguvu zaidi. Halafu nilifika kanisani, na sokoni kuliko na majumba membamba yaliyosongamana kama watu wanaotazama ngoma. Mwisho ulikuwa mtaa wa stesheni, ambako wanaume wenye ndevu na makoti meusi huuziana almasi barabarani, wakishikana mikono neno likawa limepita, bila karatasi. Mjomba aliposikia habari za almasi akasema, “Umekaa penye almasi, shemeji, ukaona heri koti?” Na habari za simba kando ya gari la moshi akazicheka wiki nzima. “Nao hukata tiketi?” Watu barazani walianza kumwita baba Bwana Simba.

Habari moja tu waliikubali. Baba alisema mto ule, ingawa bahari iko mbali, hujaa na kupwa. Wavuvi wakatikisa vichwa, wakasema hilo lawezekana. Mjomba akawaambia, “Mwongo huchanganya na kweli.”

Mimi nami nilimshuku. Nisikufiche. Nilimtazama mtu huyu aliyelala nyumbani kwetu, aliyekunywa chai bila sukari, na sikujua kama ni baba yangu au ni mtu aliyejifunza jina la mama. Nikaamua kumjaribu. Asubuhi moja nikifagia niliwahamisha wale simba, nikawaweka ng'ambo ya mto. Baba alitoka, akapita, akainama, akawarudisha kwenye mkebe. Siku nyingine nikauhamisha mnara hatua moja. Akaurudisha. Nikageuza vifuu vya sokoni, nikaziba njia aliyosema huteremka mtoni. Akaifungua. Kuku wa mama nao walichakura mchana kutwa, na kila walipoharibu alitengeneza, na kila alipotengeneza, mji ulikuwa uleule. Nikajiambia kwamba mtu akisema uongo huusahau mahali alipouweka. Nikaanza kumwita baba bila kushurutishwa. Lakini mtoto haulizwi mambo kama hayo, na mimi sikuulizwa.

Ijumaa moja, Uhuru ukiwa umekaribia sana, mjomba alikuja baada ya swala pamoja na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani na wanaume wengine. Barabarani watu walikuwa wanakata makuti ya kupambia milango, na vijana walifanya mazoezi ya ngoma. Mama alitandika majamvi, akapika kahawa. Mimi niliketi mlangoni nikikuna nazi.

Mjomba aliuzunguka mji kwa fimbo yake, kama mtu anayekagua shamba.

“Shemeji, ulilala wapi hapa?”

Baba akaingia mjini, akapita kati ya vifuu kwa uangalifu, akasimama bandarini. “Hapa. Juu ya mkahawa.”

“Na ulikuwa ukiswali?”

“Nilikuwa nikiswali.”

“Ulielekea wapi?”

Mbuzi yangu ya kukunia nazi niliiacha. Baba hakufikiri. Aligeuka pale alipo, akaupa mto kisogo, akaelekea kwenye ule mkebe wa stesheni. Nyuma ya mkebe hakukuwa na kitu ila minazi, na nyuma ya minazi, bahari.

“Astaghfirullah,” akasema mwalimu, kwa sauti ya huruma zaidi kuliko ya hasira.

Mjomba akainua fimbo, akaielekeza upande wa Mombasa, kaskazini, kule ambako kila mihrabu tuliyoijua kuanzia Vanga mpaka Likoni imeelekea. “Kibla ni kule, shemeji.”

“Hapa ni kule,” baba akasema. “Kule ni huku.”

“Makka imehama?”

Wanaume wawili watatu wakacheka, kisha wakaona aibu. Baba akasema mabaharia wa Kiyemeni ndio waliomwonyesha. Akamtazama mwalimu. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alitufundisha kwa upole na hakupiga watoto. Lakini kibla alichokijua ni kile alichoonyeshwa na mwalimu wake, na hakuwahi kuswali mbali kuliko Tanga. Akainamisha kichwa, akasema, “Mwanangu, mtu aliyeswali mahali haupotezi upande wake.”

Yakawa yamekwisha. Asiyejua kibla cha mji hakukaa katika mji huo. Na kama alikaa, akaswali akiitazama bahari, basi ni jambo baya zaidi, maana kwetu watu wanaoielekea bahari wakatoa dua hujulikana wanaomba kwa majini. Mjomba aliliona jambo lile la pili kwenye nyuso za watu, akalizuia lisitamkwe. Hilo namshukuru. Alisema tu, “Dada, funga vitu vyako. Shemeji akikumbuka alikokuwa, atakuja Galu atuambie.”

Baba akamgeukia mama. “Nawe wasemaje?”

Mama alikuwa amesimama na birika mkononi. Akasema, “Kaka ameshasema.”

Baba alinijia pale mlangoni, akaniomba ufagio. Sikuwahi kumwona mwanamume akifagia uwanja mbele ya wanaume wenzake, na wao hawakujua watazame wapi. Hakufagia ovyo. Alianza ng'ambo ya mto, akaja stesheni, akaokota zile korosho akazitia mfukoni, akapita sokoni, kanisani, mtaa wa mabaharia, akamaliza bandarini. Mto akaufukia kwa mguu. Kisha akaurudisha ufagio mahali unapokaa. Mpita njia angedhani tunausafisha uwanja kwa ajili ya Uhuru.

Uhuru wenyewe ulinikuta Galu, kwa mjomba. Naikumbuka pilau tuliyopika, na bendera ndogo za karatasi tulizogawiwa. Mama hakutoka kutazama ngoma.

Baba alihamia Shimoni, akawa mpishi wa Wazungu waliokuja kuvua. Mjomba alipodai talaka, aliitoa. Kila Idi alinitumia kanga, na mara moja moja niliruhusiwa kwenda kumwona. Hatukuzungumza mengi. Safari moja aliniuliza kama naukumbuka mji. Nikafumba macho nikaufagia kwa maneno, kuanzia bandarini. Nilipofika mtaa wa mabaharia nikasema, “Huu upesi,” naye akacheka mpaka kifua kikambana. Kifua hichohicho ndicho kilichomwua, nami bado mwari, sijaolewa. Walimzika Shimoni. Mjomba alikuja maziko, akalibeba jeneza kwa bega lake. Watu waliendelea kumwita marehemu Bwana Simba.

Sasa nirudi kwa binti yangu. Jioni ile ya siku ya kwanza, miguu ikiniuma, nilitaka kuswali. Akanitandikia mswala sebuleni, umeelekea dirishani. Nikauvuta niugeuze.

“Unafanya nini, mama?”

“Kibla ni kaskazini, mwanangu.”

“Kwetu ndiyo kaskazini, maana Makka iko juu yetu. Huku sisi ndio tuko juu yake. Kibla ni kule jua linakochomoza wakati wa baridi.” Akanyoosha kidole dirishani, juu ya mapaa. “Kule stesheni.”

Nilikuwa mwanamke mzee mwenye wajukuu, na maisha yangu yote nilikuwa nimebeba ndani yangu, kwa siri, swali lilelile la mjomba. Nilijua simba hawakuhama. Lakini kibla sikuweza kumjibia. Niliswali nikielekea stesheni, na baada ya salamu sikuinuka upesi.

Niliporudi nyumbani, palepale Msambweni tulikokuja kurudi baadaye, mama alikuwa bado hai. Alikuwa mzee sana, haoni vizuri, lakini mikono yake haikukubali kukaa bure, kwa hiyo nilimpa ungo wa mchele achambue. Nikaketi karibu yake nikamweleza. Simba, ngazi za mbao zinazotembea zenyewe, nilizozipanda kwa hofu, njia ya chini ya mto. Halafu kibla.

Alichambua kwa muda mrefu bila kutoa jiwe hata moja.

“Ni mimi,” akasema. “Mimi ndiye niliyemwambia kaka.”

“Ulimwambia nini, mama?”

“Alfajiri ya kwanza aliporudi, nilikuwa macho. Nikamwona katandika mswala kuelekea baharini. Kisha kashtuka, kaugeuza. Nikasema moyoni, huyu karudi na kitu cha baharini. Niliogopa, mwanangu. Nikamwambia kaka amwulize mbele za watu.” Akapapasa mchele. “Miaka yote ile alikuwa kauzoea upande wa kule. Ndiyo maana. Na mimi nilikuwa naye chumbani, nikauona ukweli wake kabla ya watu wote.”

Angekuwa mtu mwingine ningemwambia si neno.

“Nionyeshe,” akasema. “Sikuutazama vizuri wakati ule. Nilikuwa na hasira na vile vifuu.”

Uwanja wetu siku hizi umetandikwa matofali ya saruji, hauna mchanga, na mtoto anayekulia pale hajui ufagio wa chelewa. Nikauchora mji kwenye ungo. Mto kwa kidole. Mnara, karafuu. Stesheni, kipande cha mdalasini. Nikaushika mkono wake nikaupitisha mtaa kwa mtaa.

“Na yeye alilala wapi?”

Nikakiweka kidole chake bandarini. Akakiacha hapo. Kisha akauzungusha ungo taratibu mapajani mwake, mpaka stesheni ikaelekea baharini, akavua mtandio wake akaufunika.

“Mchele wa leo chota mwingine,” akasema.

Ungo ule ulikaa chini ya kitanda chake mpaka alipofariki. Wa kumwuliza zaidi hayupo. Mjomba alitangulia, na mwalimu, na jirani wa vifungo. Hakuna aliyebaki wa kuambiwa kwamba baba hakusema uongo, ila wewe. Siku ya tatu ya matanga, wanawake walipokuwa wanasafisha chumba, mmoja wao aliukuta ungo, akaona mchele umeingia wadudu, akautoa nje kuwamwagia kuku. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ningeweza kumzuia. Aliumwaga juu ya matofali. Kuku wakaja mbio, wakaanzia bandarini.